Masikio ya Mtoto Ndege Inapoteremka

Ndege iliyotoka Nairobi imebakiza dakika 20 hivi itue Mombasa. Mngurumo wa injini unapungua, na mawingu yaliyokuwa chini sasa yanapita dirishani. Mtoto aliyekuwa amelala fofofo mapajani mwa mama yake anashtuka, anapeleka mkono sikioni na kuangua kilio. Mama anambembeleza, anamtikisa, anamwimbia, anampa funguo achezee. Wapi! Kilio kinazidi. Abiria wa mbele anageuka kutazama. Wa nyuma anaguna. Mama wa watu jasho linamtoka, anatamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi yenyewe bado iko mbali.

Jambo hilo tumeliona mara nyingi, na kila mara tumewahurumia wote wawili. Mtoto yule hadeki, wala mama yake hajashindwa malezi. Masikio yanamuuma. Watu wazima waliomzunguka huenda yanawauma vilevile, ila wao wanajua kumeza mate na kunyamaza. Tena maumivu hayo, kwa sehemu kubwa, yanaweza kuzuiwa kwa vitu ambavyo mama anavyo tayari: titi, kikombe cha maji, pipi. Tatizo ni wakati. Akina mama wengi hufanya lile linalofaa, lakini hulifanya mapema mno au wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Chumba chenye mlango mmoja

Ili tuelewe ni lini hasa pa kuanza, yafaa kwanza tujue kinachotokea ndani ya sikio. Ukiingia kwa tundu la sikio, mwisho wa njia hiyo utakuta kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, nao ni mrija mwembamba unaoteremka mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16 aliyeueleza. Kwa kawaida mrija huo umefungwa. Hufunguka kwa muda mfupi tu tunapomeza mate au kupiga miayo, na hapo hewa ya ndani na ya nje hulingana.

Sasa chukua chupa tupu ya maji, ile ya plastiki laini. Ifunge vizuri ndege ikiwa angani, kisha itazame baada ya kutua. Utaikuta imebonyea kana kwamba mtu ameikamua. Hakuna aliyeigusa. Hewa iliyo chini ni nzito kuliko hewa iliyofungiwa ndani ya chupa kule juu, nayo imezisukuma kuta za chupa ziingie ndani. Sikio lisilofunguka ni chupa hiyo. Kiwambo husukumwa ndani na kukazwa, na kwa kuwa kina mishipa mingi ya fahamu, huuma sana. Kusikia nako hufifia, kama mtu anayesikiliza kutoka chumba cha pili.

Ndege inapopanda mambo huwa mepesi zaidi. Hewa iliyomo sikioni hutanuka na kujitafutia njia ya kutoka yenyewe kupitia ule mrija, utasikia kitu kama “tap!” na kuzibuka. Ni kama mlango unaofunguka kwa nje: aliye ndani akiusukuma, unafunguka. Wakati wa kuteremka, hewa inatakiwa iingie, na hapo mlango hausukumiki. Hauna budi kuvutwa na misuli ya koo, yaani kwa kumeza au kupiga miayo. Ndiyo sababu vilio vingi tunavisikia kabla ya kutua, si baada ya kuruka.

Hata hivyo kupanda kwa kasi kubwa nako kwaweza kuuma. Mtu wa kwanza kusimulia maumivu ya masikio angani alikuwa mwanasayansi Mfaransa, Jacques Charles. Tarehe 1 Desemba 1783 aliruka kutoka Paris na mwenzake kwa puto la hewa ya haidrojeni. Walipotua, mwenzake akashuka, na puto lililopungua uzito likampandisha Charles peke yake upesi mno, hadi kimo cha mita 3,000 hivi. Huko juu alishikwa na maumivu makali ya sikio, akaachia hewa ya puto ili ateremke. Inasemekana hakuruka tena maisha yake yote. Basi tusimwone mtoto wa miezi minane kuwa mdhaifu.

Mbona Mombasa kuliko Nairobi?

Huenda umewahi kuona kwamba safari ya kwenda pwani inauma, lakini ya kurudi bara haina shida. Si bahati. Katika ndege kubwa hewa ya chumba cha abiria hushindiliwa kwa mitambo, lakini haishindiliwi ikawa sawa na ya pwani. Ndege inapokuwa juu kabisa, sisi tulio ndani tunavuta hewa kama ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Ndege za kisasa kama Boeing 787 ziko upande wa mita 1,800, na hilo ni nafuu kwa masikio.

Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko kimo cha mita 1,600 na kitu hivi. Kwa hiyo anayetua Nairobi, sikio lake limeteremka mita mia chache tu. Uwanja wa Mombasa uko mita 60 hivi juu ya bahari, na wa Dar es Salaam ni karibu hivyohivyo. Anayetua huko, sikio lake limeteremka mita 2,000 hivi. Mwanza na Entebbe ziko katikati, kwenye mita 1,150 hivi kila moja. Kilimanjaro ni mita 890 hivi. Na Addis Ababa, ambako wengi hubadilisha ndege wakienda mbali, uwanja wake uko kwenye mita 2,300, kimo kile kile cha hewa ya ndani ya ndege. Bibi anayesafiri kwenda Muscat au Uingereza kumhudumia binti yake aliyejifungua anaweza kutua Addis bila kuhisi lolote, akadhani masikio yake ni imara, kumbe mtihani unamngoja mwisho wa safari ya pili, kwa maana huko aendako ni karibu na usawa wa bahari.

Ndege ndogo nyingi za propela moja hazishindilii hewa kabisa. Ile inayovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar huruka chini, nayo huwasumbua wachache. Lakini anayetoka Arusha au mbugani kwenda Zanzibar kwa ndege ya namna hiyo hupata mabadiliko yote ya kimo bila kupunguziwa.

Waliopita Kitonga kwa basi, au walioteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, wanalijua jambo hili bila kupanda ndege. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni karibu mita 1,000 kwenda chini kwa mwendo wa kilomita 30 na kidogo. Mtoto mwenye mafua hulia njiani, na watu husema ni kona zinamtia kichefuchefu. Mara nyingine ni masikio.

Mlango unapojikaza

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Madaktari wa urubani walipima nguvu ya ile misuli inayofungua mrija, wakaona ina mpaka. Hewa hupimwa kwa milimita za zebaki, na pwani kipimo chake ni 760. Tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani ya sikio ikifika kiasi cha milimita 90, mrija hubanwa kiasi kwamba misuli haiwezi tena kuufungua. Umeze, upige miayo, uhangaike utakavyo, umejikaza. Tofauti hiyo ndiyo anayoipata mtu aliyeteremka mita 1,100 hivi bila kuzibua masikio hata mara moja hadi akafika pwani.

Rudi sasa kwenye zile hesabu za viwanja. Anayetua Nairobi kwa kawaida hafikii mpaka huo. Anayetua Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuupita, na kwa mbali. Mtu mzima aliye macho humeza mate mara kwa mara bila kujua, akawa salama. Lakini aliyelala humeza mara chache sana. Akilala nusu saa ya kuteremka, anaamka mlango ukiwa umekwisha kujikaza.

Kwa hiyo usingoje sikio liume ndipo utafute dawa yake. Anza mara tu ndege inapoanza kuteremka, na urudie kila baada ya dakika moja au mbili mpaka magurudumu yaguse chini. Mara nyingi ndege huanza kuteremka dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Katika safari fupi kama Nairobi hadi Mombasa au Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, hiyo ni karibu nusu ya safari! Usingoje tangazo la kufunga mikanda, kwa maana mara nyingine hutolewa ndege ikiwa imekwisha kuteremka sana. Mwite mhudumu mapema, umwambie, “Dada, nina mtoto mdogo, naomba unijulishe tutakapoanza kuteremka.” Hatujamwona bado mhudumu aliyekataa. Wao wenyewe hawafurahii vilio.

Mtoto wa kunyonya

Mrija wa Eustachi wa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu sawasawa badala ya kuteremka kama wa mtu mzima. Kamasi kidogo tu huuziba. Tena mtoto hawezi kuambiwa “meza mate.” Njia ya kummezesha ni kumnyonyesha.

Akina mama wengi wameambiwa wamnyonyeshe mtoto ndege inaporuka. Si vibaya, lakini tazama kinachofuata: mtoto ananyonya akiwa na njaa, anashiba, analala, na saa ya kuteremka ikifika titi halitaki tena. Katika safari fupi sisi twaona ni afadhali titi liwekwe akiba. Ikiwezekana, mnyonyeshe vizuri kabla ya kuingia ndegeni, wakati wa kupaa mtulize kwa njia nyingine au umwonjeshe kidogo tu, kisha umpe titi lenyewe ndege inapoanza kuteremka. Ikiwa amelala, mwamshe. Tunajua ni vigumu mama kumwamsha mtoto aliyemhangaikia hadi akalala, na huenda jirani yako akakushangaa. Mwamshe hivyo hivyo. Atakayekuja kuamshwa na maumivu atalia zaidi ya huyo.

Mkalishe akiwa ameinuka kidogo, kichwa kiwe juu kuliko tumbo, wala asilale chali kabisa. Kanga begani itakusitiri. Mkanda wa mtoto ufungwe kama mhudumu atakavyoelekeza. Anaweza kunyonya hata akiwa nao. Anayetumia chupa apewe chupa, na kama hana njaa, maji kidogo kwa yule aliyekwisha kuanza kupewa maji, au ile chuchu ya bandia, kwa sababu kunyonya hata bila maziwa humfanya ameze mate. Jambo dogo kuhusu chupa: ikifungwa chini, hewa yake hutanuka ndege inapopanda, na maziwa yanaweza kuruka yakachafua nguo. Ilegeze kwanza kifuniko uitoe hewa, kisha uifunge tena na kumpa.

Na kama licha ya yote analia? Kilio nacho hufungua koo na kumfanya ameze, kwa hiyo hata hicho kina kazi yake. Endelea kumpa titi kila anapovuta pumzi. Jirani anayeguna muache agune. Safari yake ni ile ile nusu saa.

Hapa tuna neno kuhusu dawa za kumlaza mtoto. Kuna mazoea ya kumpa Piriton, au dawa ya maji ya kikohozi, ili alale safari nzima. Tunasema wazi kwamba hatuyapendi. Dawa hizo hazifungui sikio, na mtoto aliyelewa usingizi hamezi. Wengine badala ya kulala huchangamka kupita kiasi. Na kwa mtoto mdogo sana zina hatari yake, tena asipewe kabisa bila daktari.

Mtoto anayejua kuzungumza

Wa miaka minne na kuendelea anaweza kupewa pipi ya kumung'unya, au ile ya kijiti, ambayo ni rahisi kuichomoa akitaka kukohoa. Chini ya umri huo pipi ngumu na karanga zinaweza kumkaba, hasa ndege inapotikisika. Mpe badala yake maji kwa mrija, ayavute polepole. Bazoka inawafaa wale wanaojua kuitafuna bila kuimeza. Usimpe kitu chote mara moja. Pipi tatu zilizoliwa kabla ya kuruka hazitamsaidia baadaye.

Watoto hupenda kujifunza wakifanyiwa mchezo. Siku moja au mbili kabla ya safari, mfundishe nyumbani kupiga miayo kama simba, mdomo wazi kabisa, taya likisukumwa mbele. Mweleze pia kwamba masikio yataziba na kisha yatazibuka, asije akaogopa. Mtoto anayejua kitakachotokea huvumilia zaidi ya yule aliyeshtukizwa. Kwa watoto wanaosumbuka kila mara, yako maputo madogo maalumu yanayopulizwa kwa tundu moja la pua; hufungua mrija kwa upole, na katika baadhi ya maduka ya dawa yanapatikana.

Watu wazima, hasa wenye mafua

Kwa mtu mzima, kumeza mate, kutafuna bazoka na kupiga miayo mara nyingi hutosha. Visipotosha, ziko njia mbili za zamani ambazo kila mmoja anaweza kuzijaribu akiwa nyumbani kitini.

Ya kwanza ina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu Mwitalia aliyeieleza katika kitabu chake kuhusu sikio mwaka 1704. Funga mdomo, bana pua kwa vidole viwili, kisha pumua kwa pua iliyobanwa, polepole, kama mtu anayetaka kupenga kamasi kwa adabu. Utahisi masikio yakizibuka. Neno la kushika hapa ni “polepole.” Kupuliza kwa nguvu hadi uso uwe mwekundu kunaweza kuliumiza sikio la ndani, na kamasi zenye uchafu zinaweza kusukumwa hadi sikioni. Puliza kidogo, pumzika, rudia.

Ya pili ni ya Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa Uingereza katika karne ya 19. Bana pua, kisha meza funda la maji. Hii haina nguvu nyingi, nasi twaipendelea kwa akina mama waliozidi umri na wenye presha. (Toynbee mwenyewe alikufa mwaka 1866 akijijaribia dawa ya masikio kwa kuvuta hewa ya klorofomu. Njia yake ya kumeza maji, tunashukuru, ni salama zaidi.)

Mafua ndiyo adui mkubwa. Mrija ukivimba kwa ndani, kumeza kunaweza kusizae kitu. Wauguzi na madaktari watakushauri uahirishe safari ikiwezekana, na ushauri huo ni wa kweli. Lakini tuseme kama mambo yalivyo: tiketi nyingi harudishiwi mtu pesa, na msiba haungoji mafua yapone. Ikiwa ni mafua mepesi na huna budi kusafiri, safisha pua kwa maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa, na upenge tundu moja moja. Mtu mzima anaweza kutumia dawa ya kupulizia puani ya kuzibua pua, nusu saa hivi kabla ndege haijaanza kuteremka. Isitumiwe kwa zaidi ya siku chache, maana ikizoeleka pua huziba zaidi ya mwanzo.

Vidonge vya kuzibua pua vyenye pseudoefedrini vimejaribiwa kwa watu wazima ndegeni na vikaonekana kupunguza maumivu. Kwa watoto vilijaribiwa pia, lakini havikuonekana kusaidia masikio yao. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa tezi ya koo asivitumie bila daktari, wala mjamzito. Na anayenyonyesha ajue kwamba vinaweza kupunguza maziwa, jambo ambalo katika safari yenye mtoto ni hasara mara mbili. Mtoto mwenye mafua anaweza kupewa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake nusu saa kabla ya kuteremka. Haifungui mrija, lakini hutuliza maumivu. Aspirini asipewe mtoto.

Ikiwa mtoto ana homa na sikio limeuma tangu jana, hapo usikisie. Mpeleke kwa daktari alitazame kabla ya safari. Vivyo hivyo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, na kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka au mwenye nyama za pua, ambaye mrija wake kwa kawaida haufunguki vizuri. Huenda likakushangaza kwamba mtoto ambaye kiwambo chake kina tundu, au aliyewekewa vijibomba na daktari, mara nyingi haumwi ndegeni kabisa, kwa kuwa hewa hupita moja kwa moja.

Vikombe vya moto na vizibo

Bado wapo wanaoshauri kwamba mtu ajifunike masikioni kwa vikombe viwili vyenye karatasi zilizoloweshwa kwa maji ya moto. Joto hutuliza kidogo, lakini halifungui mlango ulio nyuma ya kiwambo, na wako waliounguzwa na maji yaliyomiminika. Mtoto asifanyiwe hivyo kamwe.

Viwanja vya ndege huuza pia vizibo vya masikio vya wasafiri, bei yake si ndogo. Kazi yake ni kupunguza kasi ya hewa inayofika kwenye kiwambo. Wapo wanaovisifu, lakini majaribio hayakuonyesha kwamba vinazuia madhara. Ukiwa na pesa za kuchezea, nunua. Sivyo, nunua pipi.

Baada ya kutua

Sikio kubaki limeziba kwa saa chache, au hata siku nzima kwa mwenye mafua, si jambo la kutisha. Endelea kumeza, kupiga miayo na kutumia ile njia ya Valsalva kwa upole. Kitambaa chenye joto la wastani juu ya sikio hupunguza maumivu. Lile ambalo tungependa lisifanywe kabisa ni kutia kitu ndani: mafuta ya nazi, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, kijiti cha pamba. Shida haiko kwenye tundu la nje, na kama kiwambo kimepasuka, unachotia kitaingia hadi chumba cha ndani na kuleta usaha.

Kiwambo hupasuka mara chache. Dalili yake ni maumivu makali yanayokoma ghafla, kisha damu au majimaji kutoka sikioni. Mara nyingi hujiponya chenyewe kwa majuma machache, lakini daktari akitazame. Nenda pia hospitali ikiwa maumivu yanaendelea baada ya siku moja au mbili, kusikia hakujarudi baada ya siku kadhaa, au ukihisi kizunguzungu kama nyumba inazunguka. Hilo la kizunguzungu, pamoja na kusikia kulikopotea ghafla, usilingoje hadi kesho.

Hadi daktari aseme sikio limepona, mtoto akiogeshwa awekewe pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio ili maji yasiingie, na baharini asipige mbizi, hata kama likizo yenyewe ilikuwa ya kwenda kuogelea.